Mwaka wa Kumgeuza Bupe

Shangazi alizikwa Alhamisi, na jioni ileile ikaanza shughuli ambayo kwenye misiba yetu ya Kyela hufanyika kwa sauti ya chini: kugawana pa kulala. Wanawake wa kwaya walitandika mikeka sebuleni, wakwe wakapewa chumba cha uani, na wageni waliotoka ng'ambo ya mto, upande wa Malawi, wakakubali kulala kwa jirani. Kisha mama aliyekuwa akipanga mambo akauliza, "Na Bupe atalala na nani?" Watu wakatazama chini. Mmoja akaanza kukunja kanga yake upya ingawa ilikuwa imekunjwa vizuri. Mimi nilikuwa nimefika asubuhi kutoka Mbeya, mwanamke wa miaka hamsini na ushee, magoti yananiuma kwa safari, na nikajisikia nikisema, "Nitalala naye mimi. Nimezoea." Nilisema nimezoea kana kwamba tulikuwa tumeachana wiki iliyopita. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka thelathini.

Bupe ni mtoto pekee wa Shangazi. Ana mtindio wa ubongo; hajawahi kutembea, hakai bila kuegemezwa, na maneno yake hayafiki kumi. Lakini anasikia na kuelewa kila kitu, na ukimwuliza jambo, akitazama juu ujue amekubali. Usiku ule nilipoingia chumbani kwake na taa aliniangalia muda mrefu. Nikamwambia, "Ni mimi, Subi." Akatazama juu. Nikapanda kitandani kwa upande wa ukutani, upande wangu wa zamani, nikalala macho wazi nikimsikiliza anavyopumua, na mwaka ule wote ukanirudia.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu tangu nikiwa mdogo yalianza kujaa sabuni, mafuta ya kupaka na marobota ya mitumba. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimemaliza darasa la saba bila kuchaguliwa, na baba alikuwa amepatana na dada yake: nikae kwake Katumba Songwe mwaka mmoja, nimsaidie kumlea Bupe, ili yeye aweze kwenda kwenye biashara zake, na mwisho wa mwaka nifanye mtihani wa usaili wa sekondari ya wazazi iliyokuwa imefunguliwa upande wa Tukuyu. Nilifika Januari na sanduku la bati na vitabu vitatu. Shangazi alinipokea mlangoni huku Bupe, wakati huo ana miaka sita, akiwa mgongoni mwake na miguu yake mirefu ikining'inia. Hakuniuliza habari za nyumbani. Aliniuliza, "Usingizi wako ni mzito au mwepesi?" Nikamwambia ni mzito. Akasikitika kwa dhati, kama mtu aliyeagiza mchele akaletewa chumvi.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, sebuleni magunia ya mchele yamepangwa hadi karibu na dari, kwa hiyo tulikuwa tukikaa kama watu wanaosubiri meli ghalani. Chumba cha kulala kilikuwa na kitanda kimoja kipana, chandarua chenye viraka vya rangi tofauti, na dirisha dogo lililoangalia migomba na mikakao. Nje ya migomba hiyo, kama hatua mia hivi, ilikuwa nyumba ya Mama Tusekile, dada mkubwa wa mume wa Shangazi. Mume mwenyewe alikuwa ameenda Zambia kutafuta kazi Bupe alipokuwa na mwaka mmoja, na alikuwa akituma salamu tu kupitia kwa wasafiri. Kiwanja kilikuwa cha ukoo wao, na Mama Tusekile hakutuacha tusahau hilo.

Usiku wa kwanza nilidhani mtoto anakufa. Alilala vizuri mapema, mdomo wazi, nikaona waliosema halali wamemsingizia. Kabla hata hatujazima chemli, miguu yake ikanyooka ghafla, ikapishana kama mkasi, mgongo ukapinda kama upinde, na akatoa kilio kirefu kisichofanana na kilio cha mtoto anayetaka kitu. Shangazi alimbeba akazunguka naye kati ya magunia akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti isiyo na pumzi. Akalala. Akamlaza. Baada ya muda mfupi ikawa hivyohivyo tena, na tena, hadi jogoo wakaanza kuwika. Nilihesabu mara saba. Asubuhi Shangazi aliniambia hiyo ilikuwa mara chache, maana mtoto alikuwa ameshangaa mgeni.

Kwa Kinyakyusa, asubuhi watu husalimiana kwa kuulizana kama wamelala. *Ugonile*, umelala? Na kwa mtu wa heshima, *mugonile*. Ni salamu tu, hakuna anayesubiri jibu la kweli, kama vile hakuna anayesubiri jibu la kweli akiuliza hujambo. Lakini katika nyumba ile salamu hiyo ilikuwa kama kuchokonolewa kidonda. Majirani walikuwa wakipita na majembe begani, "Mugonile, Mama Bupe?" na Shangazi, macho mekundu kama ya mpika pombe, alikuwa akicheka na kujibu, "Nani, mimi?" Walicheka naye, wakapita. Nilipokuwa mgeni nilicheka pia. Kufikia mwezi wa tatu sikucheka tena, na salamu ile nilikuwa nikiijibu kwa kutikisa kichwa.

Nimewahi kusoma kwamba mtu asipolala anakuwa kama mlevi. Hawasemi kwamba anakuwa pia mchoyo, mwenye kinyongo, na mwongo. Shangazi alikuwa akisinzia popote: kanisani wakati wa sala ndefu, jikoni amesimama na mwiko mkononi, na siku moja alipokuwa akimimina mchele kutoka kwenye gunia alisinzia mchele ukiendelea kumwagika hadi ukafunika miguu yake, nami nikamtazama bila kusema, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa na hakika kama ninaota. Maharage yaliungua. Uji ulifurika. Kumlisha Bupe kulichukua karibu saa nzima, ndizi zilizopondwa na mchuzi wa usipa, wale dagaa wa ziwani, kijiko kwa kijiko, ukingoja ameze, maana akipaliwa alikohoa hadi midomo ikageuka rangi. Na mimi nilikuwa nikishika kijiko huku kichwa kinaanguka. Baada ya hapo nilifungua kitabu cha hesabu. Namba zilitembea kwenye ukurasa kama siafu. Kuna usiku mmoja, Shangazi akiwa safarini, nilimfinya Bupe pajani, kwa nguvu, ili nimpe sababu ya kulia. Aliacha kulia akanitazama. Jambo hilo sijawahi kumwambia mtu, na hapa naliandika kwa sababu nimeahidi nafsi yangu kuandika yote.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mchungaji alisema tuombe. Mama Tusekile alisema mtoto analilia jina. Kwamba alipaswa kupewa jina la bibi wa upande wao, na Shangazi kwa kiburi cha mtu anayejua kusoma akampa jina alilolichagua mwenyewe. Alikuja jioni moja kusema hivyo, akakaa juu ya gunia. "Mpe jina, wifi. Mtoto atalala." Shangazi akamjibu kwa upole, "Wifi, hilo jina mlilitumia kwa binti yako wa tatu. Na yeye halali?" Mama Tusekile aliondoka bila kunywa chai. Mwezi ule hakukanyaga tena, ingawa moshi wa jiko lake tuliunusa kila siku.

Aliyekuja mara kwa mara ni Mama Chisomo, mwenzake Shangazi katika biashara, mwanamke wa Karonga mwenye kicheko kikubwa. Zamani walikuwa wakivuka mto Songwe, mpaka wa Malawi, kwa kificho, mchele ukienda huko na sabuni ikija huku. Sasa walivuka mchana, wameinua vichwa, na Mama Chisomo alisema raha ya biashara imepungua nusu. Siku moja mwishoni mwa mvua za masika, nikiwa chumbani na Bupe, niliwasikia wakiongea sebuleni. Mama Chisomo aliweka kitu mezani, kikalia kama kioo.

"Dawa hii wanampa mtoto wa dada yangu," alisema. "Siku hizi inauzwa hadi sokoni. Kijiko kimoja cha chai. Lakini nisikilize, kimoja tu. Na usimpe kila siku."

"Imeandikwa nini hapa?"

"Karatasi ilitoka kwa maji. Mimi nakwambia nilichoambiwa. Kimoja."

Shangazi aliisogeza chupa mezani, ikakwaruza. Kisha akasema, "Nitaitumia siku za safari tu. Subi asiteseke peke yake."

Nilisikia kila neno, na hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Sikuwa mtoto asiyejua.

Aliitumia mara nne au tano tu tangu hapo, kila alipokuwa akiondoka kwenda Lyulilo, kando ya ziwa karibu na Matema, kwenye soko la vyungu na samaki. Alikuwa akimpa mwenyewe kabla ya kutoka, na chupa anairudisha juu ya kabati nyuma ya Biblia. Bupe alilala usiku mmoja, nami nikalala. Lakini Shangazi hakuipenda. Aliniambia mara moja tukiwa tunachambua mchele, "Anavyolala na dawa ile sipendi. Analala kama mtu aliyeondoka." Mimi nilikuwa naipenda. Nilikuwa nikihesabu siku za Lyulilo kama mfungwa.

Usaili ulipangwa Jumatatu moja ya mwezi wa kumi na moja, saa mbili asubuhi, katika shule ya msingi mjini Kyela. Shangazi alienda Lyulilo Alhamisi, akaahidi kurudi Jumapili mchana ili usiku wa kuamkia mtihani nilale kwa jirani, mbali na kilio. Alikuwa amenifulia sketi mwenyewe, akainyoosha kwa pasi ya mkaa. Jumapili ikaingia na upepo. Mchana nikasikia watu wakisema ziwa limechafuka na mitumbwi haitoki Matema. Jioni ikafika, Shangazi hayupo. Nilimlisha Bupe, nikamwogesha, nikapanga penseli mbili na rula juu ya sketi. Nilikuwa mtulivu kabisa. Najua sasa kwamba ule haukuwa utulivu.

Alianza kulia mapema. Nilimbeba nikazunguka naye kati ya magunia. Nikampa maji. Nikamwimbia. Nikamlaza, akanyooka, akalia. Nikaenda kabatini nikasogeza Biblia. Kijiko cha kwanza nilikipima vizuri, nikakiinua mbele ya chemli kuhakikisha hakijazidi. Alitulia kidogo kisha akaanza tena, nikampa cha pili, nacho nilikipima. Cha tatu sikukipima. Baada ya muda mwili wake ukalegea mikononi mwangu. Bupe alikuwa mtoto aliyekaza daima, ngumi zimefungwa na vidole gumba ndani yake. Na sasa ngumi zikafunguka zenyewe, kiganja kikawa laini kama cha mtoto mwingine yeyote. Nilifurahi. Nilikishika kile kiganja nikasema moyoni, basi ndivyo ungekuwa. Kisha nikalala usingizi ambao mpaka leo sijapata mwingine kama ule, mtamu, mzito, bila ndoto.

Niliamshwa na jua usoni. Nilijua nimechelewa, nikaruka, na nikiwa na mguu mmoja ndani ya sketi nikagundua ukimya. Bupe alikuwa vilevile nilivyomlaza. Midomo yake ilikuwa ya kijivu, na kifua kilipanda mara moja, kikangoja, kikangoja sana, kikapanda tena. Nilimwita. Nilimpiga makofi ya mashavu. Kichwa kilianguka upande kama cha ndege aliyechinjwa.

Nyumba ya karibu ilikuwa ya Mama Tusekile. Sikuenda huko. Nilimfunga mgongoni nikakimbia kuelekea barabarani, kwenye duka la Mzee Hamadi, ambaye wazee wake walikuja na biashara kutoka Kilwa na yeye akazaliwa hapahapa akisema Kinyakyusa vizuri kuliko mimi. Alikuwa akipakia pikapu kwenda mjini. Alinitazama, akamtazama mtoto, akaanza kushusha katoni bila kuuliza ili tupate nafasi mbele. Njiani tu ndipo aliposema, "Amekula nini, binti yangu?"

"Hajala kitu, mzee."

Barabara ilikuwa matope na madimbwi, na kila pikapu iliporuka nilikuwa naweka sikio langu kwenye pua ya Bupe. Tulipoingia mjini tulipita mbele ya shule ile ya msingi. Wasichana walikuwa wamepanga mstari, rula mikononi, mwalimu anaita majina. Mzee Hamadi hakujua lolote kuhusu mtihani wangu. Alipiga honi, wakatupisha, tukapita.

Hospitalini tulipokewa na nesi mmoja mtu mzima, mnene, mwenye sauti ya chini. Alimfunua Bupe macho, akamsikiliza, akaita wenzake, akaniuliza amepewa nini. Nikasema hajapewa kitu. Akaniuliza tena, nikasema vilevile. Akanivuta pembeni karibu na ndoo ya maji. "Sikuulizi ili nikufunge," aliniambia. "Nakuuliza ili nijue cha kufanya." Chupa ilikuwa kwenye pindo la kanga yangu. Sijui kwa nini niliibeba. Labda nilitaka kuitupa njiani. Nililifungua pindo nikampa, nikamwonyesha kwa vidole, vitatu. Hakunigombeza. Aliondoka upesi kuliko nilivyofikiri mtu mnene anaweza kwenda.

Walimweka mpira puani, wakamwekea maji, wakamkalia zamu. Mimi nilikaa chini kwenye korido, na jambo la aibu ni kwamba nililala tena. Nililala nikiwa nimekaa, mtoto niliyemfanyia vile akiwa nyuma ya mlango. Mwili ulikuwa na deni lake na haukujali.

Habari zilifika Katumba na pikapu ileile. Kesho yake asubuhi Mama Tusekile alikuwa kando ya kitanda na wanawake wawili wa ukoo, na alipomwona Bupe ana mpira puani alianza kunihoji mbele ya wagonjwa wote. Nani kampa? Kampa nini? Kwa amri ya nani? Nilikuwa nimefungua mdomo. Ninaapa nilikuwa nimefungua mdomo. Hapo ndipo Shangazi alipoingia, gauni limelowa hadi kiunoni, udongo wa vyungu bado kwenye mikono, na kwa namna alivyonitazama nilijua alikuwa amepitia kwanza kwa nesi na kuambiwa yote.

"Niliagiza mimi," alisema.

"Uliagiza nini?"

"Apewe dawa akilia. Vijiko vitatu, nilisema mimi. Mtoto huyu alifuata alivyoambiwa."

Mama Tusekile alimtazama wifi yake. "Kumbe umechoka naye," alisema. "Ungetuambia tu." Wakaondoka, na maneno yale wakaondoka nayo.

Bupe alizinduka siku ile ile kuelekea jioni. Jambo la kwanza alilofanya ni kulia, kile kilio chake kirefu, miguu imepishana. Wagonjwa wengine walisonya. Mimi nilikaa sakafuni nikalia naye kwa furaha. Nesi alikuja, akamgeuza ubavu wa kushoto, akakunja shuka akaiweka katikati ya magoti, akainamisha kidogo shingo mbele. Bupe akanyamaza. Shangazi nami tukatazamana.

"Wewe ukilala unajigeuza mara ngapi?" nesi alimwuliza Shangazi.

"Sijui. Nani anahesabu?"

"Kila mtu anajigeuza usiku kucha na hajui. Upande mmoja ukimuuma anahamia mwingine. Huyu hawezi. Misuli inamkaza, nyonga zinamuuma, na hawezi kuhama. Sasa afanyeje? Anawaita." Akatuonyesha tena, taratibu, mkono mmoja begani, mmoja nyongani, mwili wote kwa pamoja kama unaviringisha mkeka. "Yeye halilii jina, kama yule mama alivyosema hapa asubuhi. Anaomba kugeuzwa."

Miaka sita, na hakuna mtu aliyekuwa ametuambia. Sikusikia hasira kwa yeyote wakati ule. Nilikuwa na hasira ya kutosha kwangu mwenyewe. Jioni tukiwa bombani nyuma ya wodi tukifua nguo za Bupe, nilimwambia Shangazi nitaenda kwa Mama Tusekile kusema ukweli. Aliendelea kufikicha shuka.

"Ukisema, watakufukuza leo. Na usiku nitabaki na nani?"

"Lakini Shangazi, watasema wewe..."

"Mimi ni mama yake. Mama husamehewa." Akakamua shuka, akanipa ncha moja niishike tuikamue pamoja. "Na usinishukuru. Sikufanya kwa wema. Ninakuhitaji."

Tulirudi nyumbani tukaanza maisha ya zamu. Kwenye robota la mitumba la Mzee Hamadi Shangazi alichagua blanketi nene, akalikunja likawa la katikati ya magoti, akashona mto wa sufi wa kuegemeza mgongo. Nusu ya kwanza ya usiku ikawa yake, nusu ya pili yangu. Siwezi kusema Bupe alianza kulala. Bado aliamka mara tatu, mara nne, na kulikuwa na usiku ambao hata kumgeuza hakukusaidia, misuli ikikaza tu hadi alfajiri. Lakini kilio kilikuwa kimebadilika masikioni mwangu. Mtu akikuita, hata akikuita mara nne, si sawa na mtu anayekupigia kelele. Nilikuwa naamka kabla hajalia, kwa mkoromo mdogo tu, nikaweka mkono begani na mkono nyongani. Mimi niliyekuja na usingizi mzito niliondoka na usingizi mwepesi, na ninao mpaka leo. Mume wangu amelalamika maisha yote kwamba nalala kama askari.

Januari baba alinifuata. Usaili nilifanya mwingine mwaka uliofuata, mahali pengine, nikapata, nikasoma, nikawa karani. Nilinyamaza. Shangazi alikuwa amekosea kuhusu akina mama. Ukoo ulikaa kikao, ujumbe ukapelekwa Zambia, na jibu likaja kwamba mume hawezi kurudi kwa mwanamke aliyetaka kumuua mtoto wake. Shangazi aliachwa akae kwenye nyumba kwa sababu ya Bupe tu, maana hakuna mwingine aliyemtaka mtoto. Miaka kumi baadaye nilimwambia tena kwamba nataka kusema. Tulikuwa tunakula wali jikoni. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mwenye tatizo ni mimi, akasema, "Umechelewa, mwanangu. Nimeshazoea." Na mimi, Mungu anisamehe, nilipumua.

Jumamosi, siku ya tatu ya msiba, nilikuwa chumbani namwogesha Bupe kwa kitambaa, dirisha wazi. Nje, wanawake walikuwa wakichambua mchele kwenye ungo. Mama Tusekile alikuwa kati yao, mzee sasa, jicho moja limefunga, fimbo mapajani, na alikuwa akiwasimulia wake wa wajukuu zake. Sauti yake ilikuwa haina chuki yoyote. Alisimulia kama mtu anavyosimulia mafuriko ya zamani. "Alichoka naye. Akampa dawa ili afe. Hospitali ndiyo iliyomwokoa." Mmoja akauliza, "Mama yake mzazi?" Akajibu, "Huyuhuyu tuliyemzika."

Nilimtazama Bupe. Alikuwa akisikia. Ni lazima alikuwa ameisikia hadithi ile mara mia maishani mwake, mbele yake, kama anavyosemwa mtu asiyekuwepo, na hakuwa na neno la kuikubali wala kuikataa. Nilimfunika, nikatoka, nikamshika mkono Mama Tusekile nikamwomba aingie ndani. Alidhani namwita kunywa chai. Nilimkalisha kitandani kwenye miguu ya Bupe, nikafunga mlango, na nikasema nikiwa nimesimama.

"Mama, dawa ile nilimpa mimi. Shangazi hakuniagiza. Alikuwa Lyulilo, hakujua. Nilitaka kulala, nilikuwa na mtihani. Nilijua ni kijiko kimoja, nikampa vitatu."

Alinigeuzia jicho lake zima. Kisha akauliza, "Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

Alipapasa blanketi hadi akapata mguu wa Bupe, akaushika. "Tulikuwa tunamsikia," alisema. "Kutoka pale kwangu. Kila siku, miaka yote ile. Mume wangu akasema mtoto anatukosesha usingizi, basi tukawa tunafunga dirisha. Hata wakati wa joto." Akatingisha kichwa. "Watu wazima sita kwenye nyumba yetu. Tukafunga dirisha."

Nilimgeukia Bupe, maana yeye ndiye aliyedaiwa neno, nikamwambia, "Umesikia. Si mama yako." Hakutazama juu, wala hakutazama pembeni. Alinitazama mimi, usoni, muda mrefu, kama alivyonitazama usiku ule nilipomfinya, na sikuweza kujua ananipa nini au ananinyima nini. Kisha miguu yake ikaanza kukaza chini ya blanketi, akatoa mkoromo mdogo.

Nilisogea, lakini Mama Tusekile alikuwa ameshainuka. Aliegemeza fimbo ukutani, akakunja mikono ya gauni lake.

"Ngoja," aliniambia. "Jumatatu wewe unaondoka. Nionyeshe pa kushika."